Ford Model T la 1923: hapa mafuta hayakanyagwi

Nimeendesha magari ya gia tangu nilipojifunza kwa pikapu ya mjomba kule Morogoro, na sikutegemea kwamba siku moja nitakaa nyuma ya usukani nifundishwe upya kazi ya mguu wa kushoto. Mwaka huu nililipia darasa la kuendesha Ford Model T kwenye makumbusho ya magari ya Gilmore, Hickory Corners, hapa Michigan, Marekani, ninapoishi. Nilipewa gari la 1923, jeusi, la kuketi watu watano, paa lake turubai.

Nikaenda upande wa kushoto kutafuta kitasa cha mlango. Hakuna. Mlango wa dereva ni mkunjo tu uliopigwa kwenye bati. Unaingilia kulia, unapita kiti cha abiria, unajisogeza mpaka kwenye usukani.

Stata ya umeme ilianza kuwekwa mwaka 1919, lakini niliomba kupiga hendeli, yaani kuizungusha injini kwa mkono kwa chuma kilicho mbele ya gari, kama walivyofanya wenye magari ya mwanzo. Mwalimu akanionyesha kijiti cha kushoto chini ya usukani, kinachowahisha au kuchelewesha cheche ya plagi. Lazima kiwe juu kabisa kabla hujagusa hendeli, kwa sababu cheche ikiwahi, injini inapiga kinyume na hendeli inakurudia kwa nguvu ya kuvunja mkono. Unashika kwa mkono wa kushoto, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe. Unavuta kwenda juu, husukumi chini. Mara ya tatu ikawaka, na gari zima likaanza kutetemeka mpaka kwenye madigadi.

Sisi husema "kanyaga mafuta". Kwenye Model T mafuta hayakanyagwi, yanavutwa kwa kidole: kijiti cha kulia chini ya usukani, ukikishusha injini inapanda. Miguuni pana pedali tatu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ya kulia ni breki. Ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kushoto ukiikanyaga mpaka chini uko gia ndogo, ukiiachia yote uko gia kubwa, ukiishikilia katikati gari liko huru. Hendibreki nayo, ukiivuta nyuma yote, inalishika gari na kulitoa kwenye gia.

Mzunguko wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili, gari lililonitangulia likasimama, na miguu yangu ikafanya ilichozoea: kushoto chini kabisa, kulia breki. Kwa gari la kawaida ungekuwa umekata klachi. Hapa nilikuwa nimeingiza gia ndogo, na gari likawa linasukuma huku mimi nalizuia. Mwalimu akasema kwa upole, "Nusu, nusu tu." Nikaachia kidogo, likatulia. Tangu hapo nilijua kwamba kuendesha gari hili ni kusahau kwanza, ndipo ujifunze.

Wengi huliita gari la kwanza kuundwa kwa wingi. Oldsmobile Curved Dash ilitangulia, tangu 1901. Alichofanya Henry Ford ni kuendelea kushusha bei mpaka mkulima akaifikia. Model T lilianza kuuzwa Oktoba 1908, na la kuketi watu watano kama hili lilikuwa dola 850. Mwaka 1913 kiwanda cha Highland Park kikaanza kuyavuta magari yapite mbele ya wafanyakazi, kila mtu na kazi yake moja. Kuunganisha chasi kulikochukua zaidi ya saa 12 kukawa dakika 93. Kazi hiyo ilichosha sana na watu waliacha kwa wingi, ndipo Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku kwa waliotimiza masharti yake. Kufikia 1925, Model T la bei ya chini lilikuwa dola 260. Mtu wa dola 5 kwa siku angelilipa kwa ujira wa siku 52. Kwangu mimi hesabu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote za gari hili. Lilipokoma kuundwa mwaka 1927, zaidi ya milioni 15 yalikuwa yametoka, na rekodi hiyo ilidumu mpaka 1972 ilipovunjwa na Volkswagen ya mgongo wa kobe.

Bei ilishuka pia kwa sababu ndani hamna vitu vingi. Hakuna pampu ya maji: maji ya moto yanapanda yenyewe kwenda kwenye radieta. Hakuna pampu ya petroli: tangi liko chini ya kiti cha mbele na mafuta yanateremka kwa uzito wake. Ndiyo maana kwenye mlima mkali, tangi likiwa na mafuta kidogo, watu walipanda kinyumenyume. Mwalimu aliinua mto wa kiti, akachovya kijiti tangini, akanionyesha kiasi kilichobaki. Geji ndiyo hiyo.

Breki sitaisifu. Ya mguu inashika kwenye giaboksi, siyo kwenye magurudumu, kwa hiyo acha nafasi kubwa mbele yako. Injini ina nguvu farasi 20, na mwendo wake wa mwisho ni kama kilomita 70 kwa saa. Hatukufika nusu yake, na kwa breki zile nilishukuru.

Ukienda, vaa viatu vyembamba maana pedali zimebanana. Na ukipewa nafasi ya kupiga hendeli, ichukue.