Usifunge dima ya taa kwenye pangaboi! Nimejaribu regyuleta ya kapasita

Sikilizeni kwanza. Naongeza sauti... mnausikia huo mngurumo? Pangaboi hili ni jipya, halina ubovu wowote. Kinacholitesa ni dima ya taa, ile swichi ya kufifisha mwanga, iliyofungwa pale ukutani!

Karibuni tena. Mambo ya waya na boksi la ukutani naruka, mnayajua. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde, na dima inaukata mara 100 kila sekunde. Balbu ya zamani haijali, inafifia tu. Mota inajali! Inalishwa umeme wa vipandevipande, inanguruma na kupata joto.

Haya, nazima meni swichi, natoa dima, nafunga hii regyuleta ya kapasita, yaani swichi ya kasi ya feni. Nawasha. Namba moja... Sikiliza. Mbili. Tatu. Ngoja niirudishe moja, maana hapa ndipo ile dima ilipopiga kelele kuliko kote. Kimya! Upepo tu, jamani. Kila hatua inaunga kapasita tofauti, kile kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, volti inayofika kwenye mota inashuka, ila wimbi la umeme linabaki zima, halikatwi vipande. Na haichemki kama regyuleta ya kizamani, lile boksi kubwa, ambalo ukiliweka namba ndogo linageuza Luku yako kuwa joto.

Nisichokipenda: hatua ni chache, hakuna mbili na nusu. Mnaonishauri nijaribu regyuleta ya rimoti, nimewasikia, video yake itakuja Jumamosi. Ila nyumba yenye watoto, mimi bado nachagua ya ukutani.

Mliuliza pia kwa nini balbu za LED zinapepesa kwenye dima. Tazama boksi la balbu, kama halijaandikwa "dimmable", yaani inakubali kufifishwa, usiihangaishe. Hata ikiandikwa, dima nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mzigo wa wati 40 na kuendelea, na balbu yako ni wati 9.

Pampu ya maji je? Usiipitishe kwenye dima wala regyuleta. Itafutie swichi inayohimili umeme wa kuwashia, ambao ni mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Bei? Regyuleta hii imezidi kidogo dima za bei rahisi. Lipa tu. Ila dukani usiseme "nipe ya kuzungusha", utapewa yoyote. Geuza nyuma usome: iwe imeandikwa ya feni, na wati zake zizidi za pangaboi lako. La inchi 56 mara nyingi linakula kama wati 75.