Mwani Msumbufu kwenye Tangi la Matumbawe: Ununue Nini Kwanza

Madukani chupa ya kuua mwani huwekwa mbele, machoni pa mteja. Mimi naiweka mkiani. Mwani unakula nitreti na fosfeti; ukiuua bila kuukatia chakula, utaoza humo humo na kurudisha majini ulichokula.

Nafasi ya kwanza ni mashine ya RO (huchuja maji kwa utando mwembamba) yenye hatua ya DI (resini inayonasa madini yaliyobaki), hata kwa tangi la lita 100. Maji yakipungua kwa mvuke, fosfeti na silika hubaki. Ukijazia ya bomba kila siku vinarundikana tu. Nunua na kipima TDS, yaani kiasi cha vitu vilivyoyeyuka majini; kisome 0. Kikianza kupanda, badilisha resini. Wa Mombasa au Dar wanaochota maji ya bahari wanaihitaji pia, kwa kuwa ya kujazia ni maji yasiyo na chumvi. Na bahari yenyewe isichotwe karibu na mdomo wa mto baada ya mvua.

Ya pili, konokono. Bei ndogo, kazi kubwa. Nampendelea Trochus kwa sababu akipinduka hujigeuza. Astraea mara nyingi hubaki chali mpaka aliwe. Turbo ana pupa zaidi, ila huangusha matumbawe ambayo hayajagandishwa vizuri. Samaki wa jamii ya tafi na kangaja ni walaji hodari, lakini tangi dogo haliwafai.

Ya tatu ni skima, inayotoa uchafu kwa povu kabla haujageuka nitreti. Maandishi ya boksi huwa na matumaini mengi, kwa hiyo chukua iliyoandikiwa tangi kubwa kuliko lako.

Ya nne, kwa mwenye nafasi chini ya tangi: Chaetomorpha, mwani usio msumbufu unaomnyang'anya msumbufu chakula, na taa yake. Unaukuza, unauvuna, unautupa.

GFO, chembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfeti, naiweka ya tano kwa sababu inafanya kazi kupita kiasi. Fosfeti ikae kati ya 0.03 na 0.1 mg/l, ikifika sifuri, matumbawe hufifia na dinoflajeleti (viumbe vya seli moja vinavyotanda kama ute wa kahawia) huweza kuingia, nao ni balaa kuliko mwani wa nywele. Bila kipimo cha fosfeti, usiinunue. Anza na nusu ya dozi.

Mwisho, dawa. Flukonazo, dawa ya fangasi, inastahili pesa yako pale tu ulipohakikisha kwamba ulicho nacho ni Bryopsis, ule wenye umbo la manyoya ya ndege, ambao konokono wengi huukwepa. Kabla ya kuitia, ondoa mkaa kwenye kichujio, la sivyo mkaa ndio utakaoinywa.