Theremini Tatu kwa Kazi ya Kumhisi Mtu Anayekaribia

Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi kwa maneno. Zeze kuukuu limewekwa juu ya jukwaa la mbao katika chumba kidogo cha maonyesho jijini Dar es Salaam, na mgeni anapolisogelea, rekodi ya sauti ya zeze hilo ianze kusikika kwa mbali, ikue kadiri anavyokaribia, kisha ififie anapoondoka. Masharti yalikuwa mawili: kifaa kisionekane, na jukwaa la mninga lisitobolewe hata tundu moja. Sharti la pili ndilo lililoviondoa mezani vihisi vya kawaida, kwa maana HC-SR04 hupima umbali kwa mawimbi ya sauti na VL53L0X kwa mwanga usioonekana, na vyote viwili ukiviweka nyuma ya ubao vitakupimia ubao. Kinachopenya mbao kavu bila taabu ni uga wa umeme, na chombo kinachojulikana zaidi kwa kuutumia uga huo ni theremini, ile ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa.

Wapo watakaoona ni kuivunjia ala heshima kuifanya kengele ya mlangoni. Ukweli ni kwamba huko ndiko ilikozaliwa. Lev Termen, mwanafizikia wa Urusi, aliigundua yapata mwaka 1920 mjini Petrograd alipokuwa katika kazi ya kupima sifa za umeme za gesi, akabaini kwamba mkono wake ukisogea karibu na mtambo, mlio hubadilika. Mwaka 1922 alipoitwa kumwonyesha Lenin, alikwenda na ala hiyo pamoja na kifaa cha kutambua mtu anayekaribia kitu kinacholindwa. Mwaka 1965 Robert Moog, fundi wa ala za kielektroniki wa Marekani, naye alitengeneza antena za namna hiyo kwa ajili ya onyesho la kundi la dansi la Merce Cunningham jijini New York, ambapo wachezaji waliathiri sauti kwa kusogea karibu na nguzo zilizosimamishwa jukwaani. Zeze langu, basi, halikuwa la kwanza.

Kabla ya kuzihukumu bidhaa, ni vyema kuelewa kinachopimwa. Ndani ya theremini kuna osileta mbili, yaani saketi zinazotoa mitetemo ya umeme: moja ina masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yasiyobadilika, na ya pili imeunganishwa na antena, hivyo mwili wa mtu unapokaribia huongeza kapasitansi yake, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, kwa kiasi kidogo sana, kwa kawaida chini ya pikofaradi moja. Sikio halisikii masafa hayo ya juu. Linachosikia ni tofauti ya masafa ya osileta hizo mbili. Tuseme osileta inakwenda kwa kilohezi 285. Kapasitansi ikiongezeka kwa sehemu moja tu ya elfu, masafa yatashuka kwa karibu nusu ya kiwango hicho, yaani hezi 142 hivi. Mabadiliko ambayo mita ya kawaida ya fundi isingeyaona yanageuka kuwa tofauti ambayo hata mtoto ataisikia. Huo ndio utajiri wa theremini kwa mtu wa vihisi, na swali langu kwa kila bidhaa lilikuwa moja: je, itaniruhusu kuufikia utajiri huo, au itaniuzia muziki uliokwisha kupikwa?

Nilianza na Moog Theremini, iliyoingia sokoni mwaka 2014. (Sisi tunaomalizia maneno kwa irabu tunapata tabu kidogo hapa, kwa kuwa kampuni imeipa bidhaa yake jina ambalo kwa Kiswahili ni jina la ala yenyewe; nitaiita Moog Theremini kila mara ili tusipotezane.) Ni kifaa cha kidijitali, chepesi, chenye spika ndani yake, kioo kinachoonyesha noti, na hatua za kujirekebisha ambazo mtu asiye fundi anazimudu kwa dakika chache. Kwa anayejifunza kupiga ala hii ni msaada mkubwa, kwani kuna kitufe cha kuzungusha kinachoivuta sauti iangukie kwenye noti sahihi. Kwa kazi yangu, huo ndio ugonjwa wenyewe. Kati ya antena na tundu la kutolea taarifa kuna programu inayolainisha na kupanga, na hata nilipozima urekebishaji wa noti, bado nilipata taarifa iliyokwisha kuchakatwa na yenye kuchelewa kidogo. Ukiichukua kwa ujumbe wa kawaida wa MIDI (lugha ambayo ala za kielektroniki huwasiliana kwayo) kupitia USB, umbali wote wa mgeni unagawanywa katika hatua 128 tu, na masikio ya watu huzisikia ngazi hizo pale sauti inapopaswa kukua taratibu. Niliirudisha kwa mwenyewe aliyeniazima bila kinyongo.

Etherwave, ya kampuni hiyohiyo, ni jambo jingine kabisa. Ni ya analogi, ina kasha la mbao, fimbo ya antena inayobadili noti upande mmoja na kitanzi cha kiwango cha sauti upande wa pili, na mwitikio wake hauna ngazi wala kuchelewa. Toleo la Etherwave Plus lina matundu ya kutoa volti kwa ajili ya sintesaiza (ala ya kielektroniki inayounda sauti), na volti hiyo inaweza kupelekwa kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu mwenyewe. Hapa natoa onyo moja: volti ya sintesaiza haikutengenezwa kwa kumfikiria Arduino, ambaye pini zake za kupimia hutaka kitu kati ya sifuri na volti 5, kwa hiyo ipime kwanza kwa mita katika umbali mbalimbali na uiwekee kinga kabla ya kuichomeka. Kilichonizuia si ubora wake, ni dhamiri. Kung'oa fimbo ya ala nzuri kiasi kile, inayouzwa mara kadhaa ya bei ya bodi niliyonunua hatimaye, kisha kuifungia gizani chini ya jukwaa, ni sawa na kumwajiri mwimbaji mahiri abishe hodi. Kama unayo tayari na haina mpigaji, itumie. Kununua mpya kwa kazi hii sishauri.

Bodi niliyoichagua ni Open.Theremin, mradi wa wazi kutoka Uswisi ambao michoro na programu zake zote zimewekwa hadharani. Toleo la tatu hukaa juu ya Arduino Uno kama kofia, na la nne lina chipu yake lenyewe. Sauti yake kama ala ni ya wastani, na waliozoea Etherwave wataikunjia uso. Lakini mlango uko wazi: unafungua programu, unatafuta mahali inapohesabu kipindi cha tofauti ya osileta, na badala ya kuiacha nambari hiyo igeuzwe mlio unaichukua ikiwa mbichi na kuipeleka unakotaka. Mimi niliipeleka kwenye kompyuta ndogo inayocheza rekodi ya zeze. Mabadiliko yote ya msimbo hayakuzidi mistari thelathini.

Antena ndiyo iliyonichukua muda. Fimbo humfaa mpigaji kwa sababu mkono wake ni mdogo na hutaka uga mwembamba. Mgeni ni mwili mzima, na bamba bapa humhisi vizuri zaidi. Nilibandika karatasi nene ya alumini kwenye plaiwudi, nikaipachika nyuma ya mninga, na bodi ikagoma kujirekebisha, kwa kuwa bamba pana lilikuwa limeongeza kapasitansi ya kudumu kuliko osileta ilivyoweza kuvumilia. Nilikata bamba kwa mkasi, kipande baada ya kipande, nikibonyeza kitufe cha kurekebisha kila mara, mpaka nikabaki na mstatili unaokaribia ukubwa wa daftari la shule. Waya wa kutoka kwenye bamba hadi kwenye bodi nao ni antena, uupende usiupende. Uwe mfupi, na uufunge usitikisike, maana ukitikisika zeze litalia bila mgeni.

Jioni ya jaribio la kwanza nilisimama mita moja na nusu kutoka jukwaani na sauti ikaanza, kama nilivyotaka. Nikapiga hatua, ikakua. Nikapiga nyingine, ikaanza kufifia, ikanyamaza kabisa nikiwa mbele ya zeze, na niliponyoosha mkono ikarudi kwa kishindo. Nilihangaika na msimbo saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba bodi hupima tofauti bila kujali osileta ipi imetangulia. Nilikuwa nimerekebisha vibaya, hivyo mwili wangu uliishusha osileta ya antena hadi ikalingana na mwenzake, tofauti ikawa sifuri, kisha ikaanza kuongezeka kwa upande wa pili. Dawa yake ni kuiweka osileta ya antena chini kidogo ya mwenzake chumba kikiwa kitupu, ili kila anayekaribia aizidishe tofauti kwa mwelekeo mmoja tu. Vilevile, kukaa mbali kidogo na sifuri kuna faida nyingine: osileta mbili zikikaribiana mno hushikana na kwenda pamoja, na hapo kifaa huwa kiziwi.

Jambo la pili ni waya wa ethi. Nilipoitumia bodi kwa adapta ndogo ya simu isiyo na ethi, uga ulikuwa dhaifu na wa kigeugeu. Nilipochomeka kompyuta ya mkononi yenye chaja, nambari zote zikahama. Nilipoichomoa, zikahama tena. Mwili wa mgeni umeunganishwa na ardhi kupitia miguu yake, na bodi nayo lazima ijue ardhi iko wapi. Niliunganisha upande hasi wa bodi na ethi ya jengo, na tangu siku hiyo vipimo vikatulia.

Joto na unyevu wa Dar havina dawa ya waya. Kati ya asubuhi na saa nane mchana nambari ya chumba kitupu huhama polepole, kwa hiyo programu inapaswa kuufuata mwendo huo na kuusawazisha. Niliiandikia iufuate, nikajisifu. Siku ya tatu sauti ilianza kutokeza bila mtu. Mlinzi wa chumba, mzee mstaarabu, alikuwa na kiti cha chuma, na kila alipokisogeza kukwepa jua la dirishani, programu ilikihesabu kwanza kama mgeni, kisha baada ya muda ikakizoea kama ukuta, na kiti kilipoondolewa hesabu yote ikapinduka. "Mwanangu," aliniuliza, "niambie nikae wapi ili jini lako lisinione." Nilimwomba radhi, tukapima pamoja sehemu ambayo kiti hakisomeki, na nikaibadilisha programu ili isijisawazishe ila pale nambari inapohama polepole sana, kama joto linavyohama, si kama kiti.

Ikumbukwe kwamba kifaa hiki hakipimi umbali. Hupima ni kiasi gani cha mwili kiko karibu kiasi gani, hivyo mtu mnene aliye mbali kidogo na mtoto aliye karibu wanaweza kutoa nambari ileile. Kwa sauti inayokua na kufifia, hilo halina madhara. Anayetaka sentimita kamili atafute kitu kingine, na anayetaka tu kujua yupo au hayupo hahitaji theremini: chipu ya FDC1004 ya Texas Instruments hupima kapasitansi kwenye njia nne, na FDC2214, inayofanya kazi kwa koili na kapasita kama theremini isiyo na sauti, itamtosha kwa gharama ndogo zaidi, mradi awe tayari kulehemu chipu yenye miguu midogo kuliko subira yake.

Open.Theremin sasa ina miezi minne chini ya jukwaa. Inahitaji dakika ishirini za kupata joto kabla ya kuaminika, na kazi ya kuiwasha ameichukua yule mzee mlinzi: anafika saa mbili kasoro, anabonyeza swichi, anasogea hadi mahali palipochorwa chaki sakafuni, anakaa, na kusubiri zeze linyamaze.