Breki za diski za waya za baiskeli zimenitia hasira, nimerudi kwenye raba

Jamani msidanganywe na neno diski, ile sahani ya chuma katikati ya gurudumu inayobanwa na pedi. Muuzaji kanishikilia pale dukani, "kaka hii ndo ya kisasa, ukigusa tu imesimama," nikatoa hela. Njia yangu mimi ni Lushoto kushuka Soni mpaka Mombo, wanaoijua wanaijua, kona juu ya kona, huku mlima huku korongo, na malori ya mboga yanapanda yamekaa katikati ya barabara.

Mwanzoni sikatai, zilikuwa tamu. Ila hizi diski za bei ya chini zinazovutwa na waya zinasukuma pedi ya upande mmoja tu, ya pili imekaa palepale inasubiri sahani isukumwe iifuate, kwa hiyo pedi zikilika kidogo lazima uzisogeze kwa spana, na zinalika haraka balaa, nilikuwa nakaza kila nikitaka kushuka. Siku hiyo nimeshapita Soni, nimekaza vizuri kabisa kabla ya kutoka, nabana mikono yote miwili inafika mpaka kwenye hendo, nasikia chuma kinasaga chuma, harufu ya kuungua, na baiskeli inakwenda tu. Nikaichomeka kwenye majani pembeni. Kiwiko kilichubuka chote, Mungu mkubwa lori lilikuwa bado halijatokea.

Narudi dukani, yule bwana hata kwenye kiti hakuinuka, macho kwenye simu: "Wewe hujui kuendesha, unashika breki muda wote." Mteremko wa kilomita 30 na ushee nisishike breki?! Haya, niuzie pedi. Hana. Anauza baiskeli za diski na pedi hana, ananiambia agiza Dar. Hapo ndo alinimaliza.

Nikarudi kwenye mtumba wangu wa Kijapani wenye V-breki, zile za mikono miwili inayovutwa na waya kubana raba kwenye rimu. Raba fundi yeyote chini ya mti anazo, zikiisha unaziona kwa macho, waya ukilegea unakaza mwenyewe. Mvua ikinyesha kwenye rimu ya aluminiamu raba inafuta maji kwanza halafu inashika, shida ni rimu za chuma za kung'aa, hizo zikilowa hamna breki hapo. Phoenix ya mzee ndo hivyo hivyo, breki za vyuma badala ya waya, raba inabana rimu kwa ndani, masika tunashuka tunaikokota.

Lakini niseme ukweli, kuna jamaa anatembeza watalii ana diski za mafuta, yaani zinasukumwa na mafuta badala ya kuvutwa na waya, za kampuni ya Shimano, alinipa nikaijaribu kwenye tope kabisa. Kidole kimoja! Inashika kwa ulaini, haipigi kelele, raba hazifiki hata nusu. Kwa hiyo diski sio mbaya, nilichosema pale juu ni za waya zile za bei chee, na hata hizo nadhani zenye pedi zinazosogea pande zote mbili ni afadhali. Ila huku milimani hiyo ya mafuta nani anaijua? Fundi wetu alishafungua chupa ya breki fluidi ya gari aimwagie, wakati Shimano zinatumia mafuta ya madini, ile ya gari inakula sili zote, vile vimpira vya ndani vinavyozuia mafuta yasivuje. Tulimdaka mkono.

Basi mimi raba, mpaka pedi zipatikane Lushoto. Na wewe muuzaji, kama pedi huna usiuze diski, watu tunashuka milima na hizo baiskeli.