Ndoo ya umwagiliaji wa matone katika bustani ya shule na mtaa: tathmini

Bustani nyingi za shule hapa Dodoma hazifi kwa kukosa mbegu wala samadi. Hufa mwezi Juni shule zinapofungwa, kwa sababu mvua huwa imekwisha tangu Aprili, haitarajiwi tena hadi Desemba, na watoto waliokuwa wakibeba maji wametawanyika majumbani. Ndiyo maana wakazi wa mtaa wetu wanaojitolea kulima bustani ya pamoja na shule ya msingi jirani walichanga fedha, wakanunua seti za umwagiliaji wa matone zinazotumia ndoo, na kiangazi kizima cha matumizi kimetosha kuonyesha uwezo wake na udhaifu wake.

Seti ina ndoo ya lita 20 inayowekwa juu ya kichanja cha mita 1, koki, chujio dogo, na mipira miwili ya mita 15 yenye matundu kila baada ya sentimita 30, hivyo mimea ipatayo 100 hunyweshwa kwa pamoja bila umeme wala pampu. Nchini Kenya, watafiti wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo, walikuwa wakiisambaza kwa wakulima wadogo tangu miaka ya 1990.

Inaokoa maji, lakini kwangu faida kubwa zaidi ni kwamba imeifanya kazi ya kumwagilia iwe ya kiasi ambacho mtu mmoja anayejitolea anakimudu. Mama anayekwenda sokoni alfajiri hujaza ndoo, hufungua koki na kuendelea na safari yake, ilhali zamani tuta hilohilo lilihitaji kundi la watoto wenye makopo. Tena kumwagilia kulikuwa kumegeuzwa adhabu ya wachelewaji, jambo lililo kinyume kabisa na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambamo Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe pia shamba na mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Sasa wanafunzi wana muda wa kupima na kukokotoa: ndoo mbili kwa siku, yaani lita 40, katika tuta la mita za mraba 15, ni sawa na mvua isiyofika milimita 3.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha mpaka wa kifaa hiki. Mwezi Julai, kukiwa na ubaridi, ndoo mbili zilitosha mchicha na figiri, lakini kwa jua na upepo wa Oktoba nyanya chungu zilinyauka mchana hadi tulipoongeza ndoo ya tatu na kutandaza nyasi kavu juu ya udongo. Anayeambiwa dukani kwamba ndoo mbili zinatosha mwaka mzima asikubali.

Udhaifu mwingine ni kuziba. Maji ya kisima chetu yana chumvi nyingi, na baada ya muda ukoko mweupe ulijitokeza kwenye matundu, kwanza mwishoni mwa mipira, ambako mimea ilianza kudumaa huku ile iliyo karibu na ndoo ikistawi. Kulowesha mipira katika maji yenye siki kulisaidia, na kufungua ncha zake kila wiki ili taka zitoke kumesaidia zaidi. Kinachonisikitisha ni kwamba maelekezo ya usafi yaliandikwa kwa lugha ya kigeni pekee, na kiungio kilipopasuka muuzaji hakuwa na kipuri, ingawa bidhaa hii huuzwa hasa kwa watu wasio na fundi wa karibu.

Pamoja na hayo, naipendekeza kwa dhati kwa shule zenye majirani walio tayari kushika zamu wakati wa likizo. Kamati inunue chujio la pili na viungio vya akiba siku ileile, ianze na matuta machache ya mboga za majani, na jina la anayesafisha chujio kila Jumamosi liandikwe ubaoni kabla shule haijafungwa.