Doom ya 2016 ama Brutal Doom? Mie nshachagua

Hapa Malindi ukiingia kibanda cha gemu vijana wote wataka Doom ya 2016, gemu ya kuwapiga mashetani risasi, na kweli ni tamu, picha safi, mbio hazikatiki, lakini ule ukatili wake umepangwa mno: shetani akilegea awaka rangi, wabonyeza kitufe, wammaliza kwa mkono, wapata uhai, mara mzoga ushayeyuka.

Brutal Doom ndo yangu wallahi. Ni modi, yaani gemu iliyofanyiwa marekebisho, ya shabiki wa Brazil ajiitaye Sergeant Mark IV, aliitoa 2010 juu ya Doom ya zamani ya 1993, na humo damu yaruka hadi darini ikabaki pale pale, mateke yapo, ukilenga kichwa chapasuka, maadui nao wakali kuliko wa zamani, yaani ukirudi chumbani waona kabisa vita vilipigwa wapi. Wenye vibanda, watoto wa madrasa msiwaekee hii jamani, hata ile nyingine.

Tena ile ya 2016 yala gigabaiti 55, lakini Brutal Doom hata laptopu kuukuu yaibeba. Tafuta GZDoom, programu ya kuendeshea Doom ya zamani, na faili za hiyo Doom yenyewe, modi haifunguki peke yake.