Sofa ya Sebuleni Tabora: Ipindue Kabla Hujaikalia

Dada mmoja wa Isevya kanitumia picha ya unga mwembamba chini ya sofa yake. Anaufagia asubuhi, kesho yake uko palepale. Sofa haijamaliza mwaka. Huyo ni bungua, mdudu anayetoboa na kula mbao, na hakuzaliwa sebuleni kwake. Kaja na fremu kutoka dukani.

Rangi na kitambaa chagueni wenyewe. Mimi nashikilia kitu kimoja: kile kitambaa cheusi kilichopigwa pini chini ya sofa. Muuzaji aipindue, abandue pini za upande mmoja, nawe umulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiona mabanzi, vile vipande vya pembeni mwa gogo vyenye magome, ondoka. Bungua hula ule weupe wa nje wa mti, maana ndiko kwenye wanga, na banzi karibu lote ni weupe huo. Kiini chekundu cha mninga hakiwezi. Tazama na mikanda inayobeba sponji. Ya mpira iliyosukwa huku na huku ni sawa. Ukikuta vipande vya viroba, pale anapokaa baba patabonyea kwanza.

Inaniuma kweli. Mninga unatoka kwenye misitu yetu wenyewe, Sikonge na Kaliua, halafu sisi wa Tabora tunauziwa mabanzi yaliyovishwa velveti! Ukiuliza unajibiwa, "Mninga mtupu huo, mama," kumbe mninga ni ile miguu inayoonekana tu.

Sasa, ununue ipi? Namba moja kwangu ni sofa ya kona ya kuagiza kwa fundi. Unalipa nusu, unaikagua fremu ikiwa bado mifupa, ukiridhika ndipo inavishwa. Mbao ziwe zimekauka, la sivyo joto la Oktoba litazipinda na misumari italegea. Iagize vipande viwili vinavyoungana, na upime mlango wako kwanza. Sponji ni Tanfoam ya Arusha, ile ngumu, inchi sita za kukalia. Hapo siyumbi. Uwepo inapokatwa, maana sponji ya vipande vilivyogandishwa ikishafunikwa hutaijua mpaka iingie mashimo.

Namba mbili ni rikalaina, kile kiti kinacholala nyuma na kuinua miguu, ila kiti kimoja tu, cha babu au mwenye mgongo unaouma. Seti nzima inadai nafasi nyuma ya kila kiti, na sebule zetu hazina. Chukua ya mkono. Ya umeme, umeme ukikatika inabaki ilivyo. Ifungue na kuikunja dukani mara kadhaa. Ikiinamia upande mmoja, chuma kimeshapinda. Uliza pia vipuri vinapatikana wapi, kwa sababu vikiwa Dar nauli ni yako.

Tatu ni seti za watu saba zilizokwisha kuvishwa, kwa muuzaji anayekubali kupindua. Zile za bei ya chini kabisa zina kitambaa kizuri, basi.

Wauzaji watakwambia kubandua ni kuharibu mali. Si kweli. Pini zinarudishwa kwa bunduki ileile ya pini iliyozipiga, dakika chache tu. Anayekataa mwache na sofa yake. Anayekubali, risiti yake iandike aina ya mbao ya fremu, siyo "sofa seti 1".